Nani Anakushonea Magunia

…iko ready, boss, ndivyo alivyojibu, tena kwa sauti ya mtu aliyelala akaamka vizuri, na katika maneno hayo matatu la kweli ni moja tu, hilo la boss, kwa sababu Muiruri ni bosi wake kweli, ameketi pale ng'ambo ya chumba na makoti mawili na kofia ya sufu, lakini kitu chenyewe hakiko ready hata kidogo, kisanduku kiko mbele yake kwenye kompyuta, cheupe pe, na kimstari ndani yake kinawaka kinazima, kinawaka kinazima, kama kinamcheka, na saa ya ukutani inasema saa tano kasoro dakika tisa, saa tano kamili Muiruri anamwasha Karani, saa sita kamati inaingia hapa kuona kwa macho yake, na yeye Nangila Wasike, mwandishi wa maelezo katika chama cha ushirika cha wakulima wa viazi hapa Molo, ameandikia zana kumi na sita vizuri mpaka akajipongeza, imebaki hii ya kumi na saba, na hajui aseme nini, mbona basi ukasema iko ready, Nangila, nani alikushikia kisu, si ungesema tu bado… lakini bado ni neno zito, bado ukimwambia bosi asubuhi ya siku ya kamati linasikika kama nimeshindwa, na kandarasi inaisha mwezi huu, na Karani akiharibu mara ya pili kamati imeshasema itarudia vitabu na simu, na mwandishi wa maelezo arudi kwao Nakuru akaandikie kuta… nane sasa, kasoro nane.

Karani si mtu, ingawa Kui anayewapikia chai aliuliza siku ya kwanza kama huyo Karani mpya anakunywa na sukari ama bila, na wote wakacheka isipokuwa Kui, aliyekuwa ameshika kikombe cha saba mkononi, Karani ni wakala wa akili unde, programu inayosoma jumbe za wakulima, inaamua yenyewe nani apelekewe lori na lini, kisha inashika zana zake na kufanya kazi, zana ya kuita lori, zana ya kupanga zamu, zana ya kujua kama barabara ya Olenguruone imegeuka matope, na kila zana ina kisanduku chake cha maelezo, na hapo ndipo mshahara wa Nangila ulipo, kwa sababu Karani hajui kitu kuhusu zana ila kile kilichoandikwa kisandukuni, haoni Mzee Mathenge, anayeita malori hapa kwa simu na kitabu, akikunja uso, hasikii mtu akikohoa kwa maana, anasoma kisanduku, anaamini kisanduku, anatenda kisanduku, basi Nangila amejifunza kuandika kama anayemwelekeza mtu aliyefika jana, mwerevu sana, mtiifu sana, na hajawahi kuona kiazi, zana hii hupokea kilo, si magunia, zana hii usiitumie Jumapili, kituo hufungwa, na alipoanza alifuta "kama kawaida" mara tisa katika maelezo aliyoyakuta, kama kawaida ya nani, Karani hana kawaida, kawaida iko kichwani kwa Mathenge na kichwa cha Mathenge kinastaafu Ijumaa… "na vile viti vya plastiki vitolewe store," Muiruri anasema, "kamati isikalie benchi kama watu wa kliniki, Nangila, unaniskia?" Nakuskia, boss, viti, plastiki, anajibu bila kugeuka, na vidole vyake viko juu ya kibodi kama vya mtu anayetaka kupiga kinanda kanisani na amesahau wimbo.

Zana yenyewe ina jina zuri, uliza_mkulima, na Travis, yule kijana wa Nakuru mjini aliyeitengeneza, aliiandikia maneno mawili tu, hukagua utayari, akaenda zake kula chakula cha mchana, na kwa maneno hayo mawili Karani alifanya alichofanya wiki iliyopita, aliwatumia wakulima kumi na mmoja ujumbe mmoja, je, viazi viko tayari, na wote kumi na mmoja wakajibu, ndio, ndio kabisa, viko tayari sana, ndio na Mungu awabariki, na Karani kwa furaha yake ya kompyuta akaita malori manne, akaandika katika ripoti kwamba wakulima wote wamethibitisha na kazi imekamilika, na saa saba mchana Kipngetich, dereva wa lori la kwanza, akatuma picha kutoka shambani kwa Jepkemei kule juu ya Olenguruone, picha nzuri ungeitundika ukutani, viazi vimesimama kijani kibichi hadi kwenye ua, vyote vimetoa maua, meupe na ya zambarau, na chini ya picha Kipngetich ameandika, boss, nipakie maua ama nirudi… Nangila anajizuia asicheke, anashindwa, anacheka puani, Mathenge anamtazama juu ya miwani, si kitu, mzee, nimekumbuka kitu, lakini siku ile haikuwa ya kucheka, malori mawili mengine yalipanda hadi Mau Narok yakashuka matupu, na wale waliokuwa na viazi nje kweli wakavifunika kwa majani siku tatu wakingoja, na mwenyekiti wa kamati akaja akasimama hapa hapa mlangoni akauliza hiyo mashine yenu inajua kiazi ni nini, na jibu lilikuwa hapana, na si kosa la mashine.

Andika basi, andika chochote, zana hii humwuliza mkulima kama viazi viko tayari na kurudisha jibu lake, sawa, hiyo ni kweli, si hukagua, ni huuliza, tofauti kubwa, kisanduku kimepata mstari mmoja, lakini Karani akisoma hivyo atauliza, atajibiwa ndio, ataita lori, tutarudi kwenye maua, ongeza, tahadhari, wakulima hudanganya… na mara tu anapoyaona hayo maneno yamekaa pale uso unamwaka, anayafuta haraka kama aliyemwaga chai juu ya kitambaa cha mtu, kwa sababu mkulima ni nani, mkulima ni Jepkemei, ambaye Nangila alimtembelea mwezi uliopita kuuliza maswali yake ya kuandika, akatoka huko na mfuko wa minji na maziwa lala ya chupa nzima, na Jepkemei akamsindikiza hadi barabarani akiwa na gamboti za mumewe miguuni, mwanamke huyo asemwe mwongo, tena na nani, na mtu aliyesema iko ready, boss, dakika mbili zilizopita… ngoja. Ngoja kidogo.

Kasoro sita. Hilo litangoja, kwanza swali lenyewe, swali lina kasoro, anahisi hivyo kama mtu anavyohisi kuna kokoto kwenye kiatu, unajua ipo hujui iko wapi, na bila kumwita anamwona mama yake, Nasimiyu, katika nyumba zile za reli Nakuru, chumba kimoja na pazia katikati, na wageni wameshuka kutoka Bungoma wamejaa hadi mlangoni, shangazi na mikoba yake na kuku aliyefungwa miguu, na mgeni wa kwao ukimwuliza utakula atasema nimeshiba, hata kama hajaona chakula tangu jana yake, atasema nimeshiba na tumbo linanguruma mnalisikia wote, basi mama hakuwahi kuuliza mtakula, hata siku moja, mama alikuwa akisimama pale kwenye pazia na mwiko mkononi anauliza, mtaoga kwanza ama mtakula kwanza, na shangazi anashindwa pa kutokea, anasema, ah, basi tuoge kwanza, na wote wanakula hadi sufuria inakwaruzwa, mama huyo mjanja, hakuna aliyemfundisha, na hakuna mgeni aliyewahi kudanganya katika nyumba ile kwa sababu hakupewa nafasi ya kudanganya… hiyo hapo, ile kokoto, si kwamba watu hawasemi kweli, ni kwamba umewauliza swali ambalo adabu imeshalijibu kabla yao, viazi viko tayari, nani atasema haviko, ni kulikosea lori heshima.

Lakini swali lingine ni lipi, Mzee Mathenge ana miaka thelathini ya kuita malori na hajawahi kupeleka hata moja kwenye maua, na miezi mitatu Nangila amemzunguka kama nzi, mzee, unajuaje kwamba viko nje, najua tu, unajuaje lakini, si najua, basi niambie niandike, uandike nini sasa, mtu haandiki kujua, anajua… na yule pale sasa hivi yuko kwenye simu, amekaa upande upande kwenye kiti chake karibu na dirisha lenye ukungu, kitabu cha mazoezi kimefunguliwa gotini, anapiga kelele kama wanavyopiga kelele watu wa rika lake wakiongea na mtu aliye mbali, "niaje mathe, mmeamka aje huko, baridi imewapunguzia? Eeh. Eeh. Hata sisi. Sasa wiki hii nani anakushonea magunia?" kisha anangoja, kisha anasema, "ah, haya, haya, salimia mzee," anakata, hapigi alama yoyote kitabuni, anageuza ukurasa, anapiga nyingine, "boss, habari ya asubuhi, na mtoto alipona? Asifiwe. Sasa nani anakushonea magunia? Wanjohi? Yule wa mguu? Ako poa huyo," na hapa anaandika, kalamu inakwaruza, anaandika jina na siku na anapiga mstari chini… na Nangila amekaa wima kama aliyemwagiwa maji, kwa sababu maneno hayo ameyasikia kila asubuhi tangu aje hapa, kila asubuhi, alidhani ni mazungumzo, alidhani ni salamu za wazee, habari za watoto na baridi na magunia, na alikuwa akingoja amalize kupiga porojo aanze kuuliza juu ya viazi.

Na bila shaka, bila shaka, mbona asilione, mshonaji wa magunia haitwi viazi vikiwa ardhini, mshonaji anakuja na sindano yake ndefu na uzi wake na njaa yake, siku anayokuja lazima umpikie, hakuna anayempikia mshonaji akae chini ya mti kutazama majani, kwa hiyo mkulima akiwa na jina la mshonaji basi viazi vimetoka, vimelala juu ya udongo vinakauka, na akisema eh, bado sijampata mtu, hajakuambia viazi haviko, hajajiaibisha, amekuambia tu hajampata mtu, na lori limejua, ee Mathenge, ee mzee wangu, ulikuwa unakaa juu ya almasi ukisema najua tu… vidole vinakimbia, usimwulize mkulima kama viazi viko tayari, jibu litakuwa ndio kila mara, ndio hiyo ni heshima kwa anayeuliza, usiite lori kwa sababu yake, msalimie kwanza, kisha umwulize ni nani anamshonea magunia wiki hii, akitaja mtu kwa jina, viazi vimeshachimbwa, unaweza kuita lori, asipotaja mtu, au akisema anatafuta, au akizungumzia mvua, viazi bado viko ardhini, usiite lori, usimbane kwa swali jingine, mfano, nani anakushonea magunia, jibu, Wanjohi, ita lori, mfano wa pili, jibu, tutaona wiki ijayo Mungu akipenda, usiite… anaandika na meno yamemtoka nje kwa furaha, hii ni tamu, hii ni tamu kuliko zile kumi na sita zote, na kwa nini ni tamu hivi, ni maelezo ya programu tu, watu wengine wana kazi za kuokoa wagonjwa, lakini ni tamu, kichwa kimoja cha mzee kimeingia kisandukuni na hakijavunjika.

Kasoro nne. Muiruri ameinuka, anatembea kuelekea kwenye kompyuta kubwa, anajinyoosha mgongo, na Nangila anasoma tena aliyoyaandika na kile alichokiambia kitangoja kimechoka kungoja, kimemkalia mbele… wewe uliyesema iko ready. Kwa nini ulisema. Si kwa ubaya, si kwa sababu wewe ni mwongo, ulisema kwa sababu neno bado lina gharama, ukisema bado utahamishwa, ataletwa mwingine, kandarasi itaenda kwa mwingine, basi unasema ndio na unaomba Mungu viazi vikomae kabla lori halijafika, na Jepkemei naye je, Jepkemei akisema bado anapoteza nini, Nangila hajawahi kujiuliza, ameandika ukurasa mzima namna ya kuzunguka ile ndio yake na hajauliza ndio inaogopa nini… na jibu analo, ee Mungu, jibu ameliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, zana ya kumi na mbili, panga_zamu, sentensi aliyoipenda kwa ufupi wake, mwenye jibu la bado hupelekwa mwisho wa orodha, aliinakili kutoka kitabu cha Mathenge ambamo jina linakatwa juu na kuandikwa upya chini kabisa, aliiandika safi, bila neno la ziada, Karani asikosee, na mwisho wa orodha ni wiki tatu, na kiazi kilichochimbwa hakingoji wiki tatu, kinageuka kijani, kinauzwa kwa wapita njia, kinalishwa ng'ombe, kwa hiyo nani mwenye akili timamu atasema bado, wamekuwa wakisema ndio ili washike nafasi, wote kumi na mmoja, na Karani hata akiuliza magunia kwa adabu yote ya Mathenge, wakishajua maana ya swali hilo, na watajua, watu wa huku si wajinga, kila shamba litakuwa na Wanjohi wa kubuni mwenye sindano mkononi… hakuna maelezo yanayoweza kuwa mazuri kuzidi kitu kinachoelezwa, hilo ndilo, unaweza kukieleza kitu kibaya kwa ufasaha mpaka kikafanya ubaya wake vizuri zaidi.

"Nawasha," Muiruri anasema, mkono uko kwenye kipanya, na Nangila anaona kwamba anaweza kunyamaza, ukurasa wake ni mzuri, leo ungefaulu, kamati ingepiga makofi, mwezi mmoja ama miwili kabla Wanjohi wa kubuni hawajaota, na kandarasi itakuwa imeshasainiwa…

"Boss, ngoja. Nilikudanganya, hii moja haikuwa ready. Na kuna kitu nataka kuuliza kwanza."

"Uliza," Muiruri anasema, na mkono bado uko kwenye kipanya.

"Mkulima akisema bado, mbona anapoteza zamu yake?"

Muiruri anamtazama, kisha anavua kofia, jambo ambalo hafanyi kabla ya saa nane, "kwani huwa inapotea?" anauliza, na si kejeli, anauliza kweli, miaka minne ameketi chumba hiki hiki na hajui, na macho ya wote wawili yanahamia dirishani kwa Mathenge, ambaye amefunga kitabu chake kidole kikiwa ndani.

"Inarudi nyuma," Mathenge anasema. "Mstari unaanza upya."

"Tangu lini, mzee?"

"Nilikuta hivyo."

"Lakini nani alisema?"

Mathenge anafungua mdomo, anafikiria, unaona anapita miaka yote thelathini mmoja mmoja akitafuta huyo mtu, kisha anaanza kucheka, kicheko cha chini chini kinachomtikisa mabega, "aki hakuna mtu alisema," anasema, na Muiruri naye anacheka, na Nangila anacheka akiwa karibu kulia, wakulima wote hao, malori yote hayo, uongo wote huo wa heshima kutoka Olenguruone hadi Mau Narok, kwa amri ambayo haikutolewa na yeyote… "basi ibaki," Muiruri anasema, ameshashika simu, "akisema bado zamu ibaki, arukwe tu, tukirudi ako pale pale mbele. Travis? Niaje. Kuna kitu kwa hiyo panga_zamu. Hapana, usianze kunieleza, badilisha tu. Ngapi? Dakika mbili? Na wewe Nangila unataka ngapi?"

Na hapa, kwa mazoea, ulimi unatafuta ile samahani yake ya kila siku, ile ya kutanguliza mbele ya kila ombi, na hauipati, "kumi na tano," anasema, na Muiruri anasema sawa, hivyo tu, sawa, anarudia kuuliza viti viko wapi, na mbingu ziko mahali pake na ukungu wa Molo uko dirishani ulipokuwa, na hajafukuzwa kazi, labda atafukuzwa saa sita, atajua saa sita, lakini sasa hivi kisanduku kiko wazi na mstari mmoja umebaki, na anauandika polepole, akisema bado, mshukuru, mwambie zamu yake inabaki, na umpe siku utakayomwuliza tena… anausoma, ni kweli, dakika tano zilizopita ungekuwa uongo na sasa ni kweli, na Jepkemei kule juu na gamboti zake hataamini, mara ya kwanza atasema anashonewa na mtu fulani, mara ya pili atanyamaza aone jirani yake aliyesema bado amefanywa nini, na mara ya tatu, pengine Oktoba, pengine mvua zikichelewa, atasimama kati ya maua yake, simu begani, mikono imejaa udongo, atasema bado, hivyo tu, bado, kisha ataendelea na palizi.